Kuchora Mombasa ya zamani na bahari yake, isitoke kama postikadi

Wengi wakitaka kuchora Mji wa Kale wanakimbilia Fort Jesus na mlango wa nakshi, halafu picha inatoka kama zile wanazouziwa wageni. We anza na kitu kimoja unachokikumbuka mwenyewe. Changu ni muuza kahawa wa Kibokoni, dele la shaba na makaa yake chini, na vile vikombe anavyovigonganisha unamsikia kabla hajakata kona, basi nikachora mkono na vikombe tu, uso hata sikuuweka.

Turubai ya dukani bei yake achana nayo. Chukua marikani, kile kitambaa cha pamba, iwambe kwenye fremu ya mbao mpaka ikaze kama ngoma, paka rangi nyeupe ya ukutani koti mbili.

Sasa ukuta. Ukuta wa chokaa si mweupe jamani! Tanguliza rangi ya udongo, ikauke, juu yake nyeupe yenye tone la buluu na kahawia kidogo, na kabla haijashika ikwangue kwa kadi mbovu yoyote ile mpaka udongo uchungulie. Fanya kipande kidogo kidogo na chupa ya kunyunyizia maji iwe karibu, maana rangi ya akriliki kwa joto la kaskazi inakukaukia hata kwenye brashi.

Picha za abstrakti, zile zisizoonyesha kitu dhahiri, nazo zaanzia ufuoni, si kwenye simu. Ngoja bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne saa tano asubuhi, tofauti ya kujaa na kupwa yafika karibu mita 4, kwa hivyo Nyali utatembea mbali tu kwenye mwamba. Beba karatasi na kipande cha makaa, chora mikunjo ya mchanga, au nenda Tudor uchore mizizi ya mikoko, mistari tu. Nyumbani chagua mitatu uikuze. Na usichore dau la tanga, ukishalichora hakuna atakayeangalia kingine.

Ukitaka picha iwe na mkwaruzo changanya mchanga na gundi nyeupe, lakini uoshe kwanza. Mimi sikuosha, masika ilipoingia chumvi ikavuta unyevu, picha ikatoka jasho, ikabanduka vipande vipande na ilikuwa ishalipiwa nusu. Siku hizi naosha kwa maji matamu mara tatu, naanika, kisha nauonja kwa ncha ya ulimi, nikisikia chumvi narudia.