Ukoko wa Hita na Maji ya Kunywa: Maelekezo ya Fundi Bomba wa Kigoma

Sehemu kubwa ya maji ya bomba hapa Kigoma Mjini yanavutwa kutoka Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile unaloliona ukisimama Kibirizi. Kwa hiyo mengi ninayoulizwa kwenye nyumba za watu Mwanga na Gungu hayahusu bomba, yanahusu ziwa. Mama mmoja ananipa hita mkononi: "Fundi, hii wameniuzia feki." Hita yenyewe nzima, ila koili imefunikwa ukoko mweupe mgumu kama ganda la yai. Wa pili ananionyesha jagi la umeme na kuuliza kama watoto wake wanakunywa chokaa. Anayeuliza kama maji yake yana vijidudu ni nadra sana, na hilo ndilo la kuulizwa kwanza.

Tuanze na ukoko: ni madini ya maji yanayoganda kwenye koili maji yakipata moto. Ziwa Tanganyika linapokea maji ya Ziwa Kivu kupitia mto Ruzizi, na Kivu iko kwenye miamba ya volkano, kwa hiyo maji yake yanakuja na magnesiamu nyingi. Yakishafika huku, jua linanyanyua maji na kuacha madini, na mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Lita moja ya maji ya ziwa ina kama miligramu 40 za magnesiamu na 10 hivi za kalsiamu. Ugumu wa maji, yaani wingi wa madini hayo mawili yanayoizuia sabuni kutoa povu, unapigwa hivi: magnesiamu mara 4.1, kalsiamu mara 2.5, halafu unajumlisha. Inakuja karibu miligramu 190 kwa lita. Kwa vipimo vinavyotumika sana, kuanzia 120 ni maji magumu, na kupita 180 ni magumu sana. Ndiyo maana mtu aliyeshuka kwenye treni kutoka Tabora, ambako siku hizi wanapata maji ya Ziwa Victoria yaliyo laini, akioga kwake Ujiji siku ya kwanza anadhani sabuni ndiyo mbovu.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, tafuta chupa mbili za plastiki angavu zinazolingana. Moja tia maji ya bomba mpaka theluthi, nyingine maji ya mvua kiasi hicho hicho. Kwangua sabuni ya mche, kijiko cha chai kila chupa, tikisa kwa nguvu, ziache zitulie. Ya mvua itashika povu. Ya bomba itakuwa na povu la kubabaisha na utando wa maziwa juu. Usitumie sabuni ya unga kwa jaribio hili, maana imetengenezwa ivumilie maji magumu na itakudanganya.

Kuondoa ukoko hakuhitaji dawa ya dukani. Siki inatosha, na ndimu pia, ila kwa jagi zima utakamua ndimu mpaka uchoke. Changanya siki sehemu moja na maji sehemu mbili, mimina mpaka koili izame, chemsha kidogo, zima, acha saa moja. Utaona vipovu, ukoko unayeyuka. Mwaga, suuza, kisha chemsha maji matupu mara moja uyamwage. Kama ukoko ni mnene, rudia. Usikwangue koili kwa kisu wala kwa steelwire, kwa sababu ukiitoboa ngozi yake ndiyo siku maji yatakurusha. Kwa hita ya shawa, zima kwenye swichi kubwa kabla hujagusa kitu, halafu fungua kile kichwa chenye matundu, kiloweke usiku kucha kwenye bakuli la siki. Matundu yaliyobaki yameziba yasukume kwa kijiti cha meno. Na tafadhali, siki na Jik visikutane kwenye chombo kimoja: vinatoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, na bafu zetu hazina madirisha ya kutosha.

Ukoko ukiuacha, unalipa kwa Luku. Joto linapita kwanza kwenye jiwe ndipo lifike kwenye maji, na koili inaungua kabla ya wakati wake.

Upande wa kufua, kinga mvua. Hapa inanyesha kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili au Mei, na bati moja la baraza linajaza pipa kwa mvua moja kubwa. Yale ya mwanzo yaache yapite, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mashati meupe ya shule yafulie yanayofuata. Sabuni za mawese tunazotengeneza huku ni nzuri, lakini kwenye maji ya ziwa nusu yake inaishia kuwa utando kwenye beseni. Kuhusu maharage watu wanabishana sana: ugumu unayachelewesha kuiva, magadi yanayalainisha, na maji ya ziwa yana tabia zote mbili. Mimi nayaloweka usiku kwenye maji ya mvua na sibishani na mtu.

Sasa kuna vijana wanaopita na chujio za bei mbaya. Mmoja anachovya kijiti chenye skrini kwenye glasi yako, kinasoma mia tatu na kitu, anatikisa kichwa. Namba hiyo ni jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Haijui kipindupindu wala homa ya matumbo. Mwingine anachovya nondo mbili zenye umeme na maji yanageuka kahawia kama tope. Ile kahawia ni chuma cha nondo zake mwenyewe. Maji yaliyochujwa mpaka yakabaki bila chumvi hayapitishi umeme vizuri, ndiyo maana glasi ya maji ya chujio lake haibadiliki. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake. Wengine hela hiyo wanunue mabati na mfereji wa mvua.

Tuje kwenye kunywa, ambako sina utani. Mkoa huu unaijua kipindupindu. Mwaka 2015, wakimbizi walipojaa Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani na Burundi, wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu. Maji angavu hayana maana ni salama: bomba likipasuka au maji yakikatika na kurudi, uchafu wa mtaroni unaingia, na huoni kitu kwenye glasi.

Kuchemsha kunaua. Subiri mpaka yatokote kwa nguvu, yaache dakika moja, zima. Yale mauamaua meupe yanayotua chini ni madini yale yale. Mimina taratibu yabaki kwenye sufuria.

Kama mkaa umepanda na unatumia kidonge cha klorini, sikiliza hapa. Maji ya ziwa yana hali ya magadi, pH yake, yaani kipimo cha uchachu na magadi ambacho 7 ndiyo katikati, iko karibu na 9. Klorini ikiingia kwenye maji inagawanyika sura mbili, na inayoua haraka ni moja. Kwenye pH 7.5 karibu nusu yake iko katika sura hiyo. Kwenye 9 haifiki sehemu moja kati ya ishirini. Zile dakika 30 tunazoambiwa tusubiri zimepimwa kwa maji yenye pH chini ya 8. Kwangu, kidonge kimoja cha lita 20 kikiingia kwenye dumu nasubiri saa nzima. Siongezi kidonge, naongeza muda. Kama maji yana tope baada ya mvua, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa. Na wale wanaokamulia ndimu kuua harufu: subirini saa iishe kwanza. Ndimu ikitangulia, inaimaliza klorini kabla haijafanya kazi.

Simtanki nalo lisafishwe, angalau kila mvua zikianza. Limwage, sugua kuta kwa brashi, toa mashapo, lijaze tena. Tanki la lita 1,000 linataka lita moja na nusu ya Jik ya asilimia 3.5 isiyo na manukato. Fungua koki zote mpaka harufu ifike, zifunge, acha mpaka kesho yake, kisha mwaga yote na usuuze. Maji hayo hayanywewi.

Na ya kunywa yatoke kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, mikono na vikombe visichovywe humo. Kama huna, fundi yeyote atakutobolea ndoo ya kawaida na kuifunga koki ya plastiki kwa washa mbili za kuzuia kuvuja, moja ndani moja nje. Mwambie atoboe vidole viwili juu ya kitako, ili mashapo yabaki chini.