Frizia zinaungulia ndani ya ndoo: acheni maji ya kisima kirefu

Ndugu mkulima wa Nakuru, Naivasha au Arusha, ukiona kingo za petali za frizia, ua lako la kukata na kuuza, zimekauka kama zilizopitiwa na moto, na matumba ya juu yamegoma kufunguka, usikimbilie dawa ya ukungu. Angalia kwanza maji ya ndoo unamosimamisha maua uliyokata. Maji ya visima virefu vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, na frizia haiivumilii. Miligramu 1 kwa lita inatosha kuidhuru. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi 1.5 katika maji ya kunywa, kwa hiyo maji yanayokufaa wewe yanaweza kuliharibu ua.

Watoto wa kijijini wakiwa na meno yenye madoa ya kahawia, shuku kisima, kwa kuwa floridi nyingi hutia meno madoa. Lakini meno si kipimo. Peleka sampuli ya maji maabara upate namba ya floridi.

Wengi huchemsha maji hayo, na hapo nawagombeza waziwazi: mnapoteza kuni bure. Maji hupungua kwa mvuke, floridi inabaki, na kila lita inazidi kuwa kali. Wengine huchanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua. Piga hesabu kabla hujamimina: kisima kikiwa na miligramu 4 kwa lita, ndoo yako ina 2. Bado ni sumu kwa frizia.

Tumia maji ya mvua matupu. Paa la mita 20 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hukinga karibu lita 200, na ndoo inahitaji kina cha sentimita 10 tu. Iwe ya plastiki, imesuguliwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji hayohayo ya mvua.

Kata asubuhi, tumba la kwanza likiwa limevimba na kukolea rangi, la pili likianza kuonyesha rangi. Ukiwahi mno, mengi hayafunguki. Shina liingie majini papo hapo, kisha chumba cha baridi, nyuzi 0 hadi 2. Ndizi mbivu zisikae humo. Gesi yake hukausha matumba. Yakifunguka mfululizo kuanzia chini, umepatia.

Shambani nako, msiweke mbolea ya superfosfeti kwenye matuta ya frizia. Nayo hubeba floridi, na ncha za majani zitaungua kabla hujashika kisu.