Somo: Kuupatia jina mwandiko mpya wa lugha ya programu

Nimeandaa somo hili kwa wenzetu wa Tanga waliokwisha kubuni alama za kuiagiza kompyuta na sasa wanatafuta jina la kuziita. Mwandiko, kwa maana ya hapa, ni alama pamoja na kanuni za kuzipanga, wala si programu inayozisoma.

Hatua ya kwanza. Andika sentensi moja inayoeleza kazi ya mwandiko wako, kisha kila jina linalopendekezwa lipimwe kwa sentensi hiyo. Mwandiko uliotumika kueleza sarufi ya ALGOL 60, lugha ya programu ya mwaka 1960, uliitwa Backus Normal Form kwa jina la John Backus aliyeubuni, mpaka mwaka 1964 mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alipoonyesha kwamba neno "Normal", ambalo kwa wanahisabati lina maana yake mahususi, halikuustahili. Akapendekeza mahali pake pawekwe jina la Peter Naur, mhariri wa ripoti ya lugha hiyo, liwe Backus-Naur Form. Herufi BNF zilibaki vilevile, jambo ambalo nadhani liliwarahisishia watu mabadiliko.

Hatua ya pili, ambayo hupuuzwa sana. Litamke jina ndani ya sentensi na usikilize ngeli yake. Tuseme umechagua "Kidau". Mvuvi atasikia dau dogo, lakini sikio lililozoea Kidigo, Kibondei na Kisambaa litasikia lugha, kwa kuwa ki- hubeba maana zote mbili. Ikiwa ulichobuni ni alama chache tu za kupanga data, jina hilo limeahidi lugha nzima ambayo huna. "Foromali", mti unaofungiwa tanga la chombo, halina tatizo hilo, ingawa vijana wasiojua vyombo vya baharini watakuuliza maana yake kila siku. Baada ya hapo mtajie mtu jina kwa simu, aliandike. Akikosea, jina lina kasoro.

Hatua ya tatu. Litafute kwenye intaneti. Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ina jina la kawaida mno hata watu huandika "golang" wanapoitafuta. Sisi tuna mtego wetu: "Tanga" ni mji, ni kitambaa cha chombo, tena ni kitenzi cha kuzurura.

Hatua ya nne ni fupi: epuka alama zisizokubalika katika anwani za tovuti au majina ya mafaili.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Je, naweza kutumia jina la mtu?
Jibu: Marahaba. Unaweza. Lugha ya Pascal, ya mwaka 1970, ilipewa jina la mwanahisabati Blaise Pascal. Lakini jina la mtu halielezi kazi, kwa hiyo maelezo yako yabebe mzigo huo. Tena litamkike: mwandiko wa Jan Łukasiewicz, unaotanguliza alama ya tendo mbele ya namba, umezoeleka kwa jina la nchi yake, yaani mwandiko wa Kipolandi.

Swali: Alama yangu ni ->, nami nimeiita "Mshale". Kuna ubaya?
Jibu: Umetaja umbo, hukutaja kazi. Katika lugha ya C alama hiyo hufikia sehemu ya muundo wa data (struct) kupitia kielekezi (pointer), yaani thamani inayoonyesha data ilipo. Katika lugha ya Haskell hutumika kuandika aina (type) ya kitendakazi (function). Kama yako hupeleka tokeo la hatua moja kwenye hatua inayofuata, mimi ningeiita "Mkondo", na umbo lake ningeliacha lijieleze.