Somo: Kufunga spesa za magurudumu kwenye gari la 4x4

Spesa ni kipande kinachowekwa kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na rimu ili gurudumu likae nje zaidi. Gurudumu lenye spesa likichomoka njiani, mara nyingi kosa ni la ufungaji. Kinachozuia gurudumu kuteleza kwenye habu ni msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa na nati. Kutu, rangi au grisi ikibaki katikati, mbano hupungua, nati hulegea, na stadi (skrubu za habu zinazofungwa nati) hupindishwa huku na huku hadi zikatike.

Somo hili ni la spesa zenye stadi zake, si zile pete nyembamba.

Kabla ya kununua

Linganisha idadi ya stadi na kipenyo cha duara lake (mfano 6x139.7, yaani stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7), pamoja na tundu la katikati. Toyota Hilux na Prado nyingi zenye stadi 6 zina tundu la milimita 106.1. Spesa nzuri huvaa shingo ya habu (duara linalochomoza katikati yake) bila kucheza, nayo ina shingo yake ya kushika rimu. Isiyo na shingo iache dukani, hata ikiwa rahisi. Chagua alumini iliyofuliwa, si ya kumimina kwenye kalibu.

Spesa ya milimita 30 kila upande hupanua gari kwa milimita 60, na rimu yenye ofseti (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu) ya +30 inakuwa kama ya 0.

Hatua

1. Legeza nati gari likiwa chini, zuia magurudumu mengine, inua, weka stendi.

2. Sugua uso wa diski au ngoma ya breki kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Kazania kuzunguka shingo ya habu na mashina ya stadi, ndiko kutu inakojificha. Ng'oa klipu za kiwandani zilizobaki kwenye stadi. Usipake grisi kwenye nyuso zinazobanana.

3. Vika spesa kwa mkono, kisha jaribu kupenyeza karatasi ukingoni. Ikipenya, spesa haijalala; tafuta kinachoizuia. Usiivute kwa nati.

4. Funga nati za ndani (zinazoshika spesa kwenye habu), zile tu zilizokuja na spesa. Msaidizi akanyage breki, wewe kaza kwa mtindo wa nyota kwa raundi tatu, ya mwisho kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm). Fuata kipimo cha mtengenezaji. Kwa stadi za milimita 12 mara nyingi ni kati ya Nm 100 na 120.

5. Hakikisha hakuna stadi ya zamani wala nati ya ndani inayopita uso wa spesa. Ikipita, rimu itakaa juu ya ncha hizo na haitabanwa kamwe, isipokuwa kama ina vishimo vya kutosha nyuma.

6. Funga rimu, shusha gari, kaza kwa toki.

7. Geuza usukani hadi mwisho pande zote, kisha rudia gurudumu moja likiwa juu ya jiwe ili springi ibonyee. Tairi sasa linazunguka duara kubwa zaidi, hivyo hugusa kona ya fenda na bampa.

8. Baada ya kilomita 100 hivi, vua magurudumu ukague nati za ndani. Watu wengi hukaza za nje tu, na zinazolegea ni zile wasizoziona.

Maswali ya wanachama

*Fundi, gari linatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa. Kabla ya spesa halikuwa hivyo.*
Kagua tundu la katikati na uchafu nyuma ya spesa. Ikiwa vyote viko sawa, ndipo ubalansishe tairi.

*Naomba kuuliza, pete ya milimita 5 kwa stadi za zamani inafaa?*
Hesabu mizunguko ya nati. Kwa stadi ya M12x1.5 (unene milimita 12, nyuzi kila milimita 1.5) inahitajika angalau mizunguko 8 kamili. Ikipungua, weka stadi ndefu au acha.

*Nipake gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia nati kulegea?*
Ndugu, ipake kwenye nati za ndani tu, ya nguvu ya kati, na kama mtengenezaji ameelekeza. Ikishakauka, nati ikisogea wakati wa ukaguzi usiikaze juu kwa juu: fungua, safisha, paka upya.

*Beringi zitakufa mapema?*
Zinabebeshwa mzigo zaidi, na usukani utarudisha mateke makali ukigonga jiwe. Kwa milimita 25 au 30 mzigo huo unavumilika. Ukihitaji 50, nunua rimu zenye ofseti inayofaa. Beringi hazitapunguziwa mzigo, lakini utakuwa umeondoa kiungo kimoja cha kulegea.