Jinsi ya kuhamisha bloku ya 1NZ kutoka gari ya mwaka mwingine

Watu wananiuliza sana kama bloku, yaani kile chuma kikubwa cha injini chenye silinda, ya Toyota Fielder ya juzi juzi inakaa kwenye Fielder ya zamani, jibu ni inakaa, ila kuna vitu lazima uvikague ukiwa bado pale dukani na hela bado iko mfukoni. Nazungumzia 1NZ-FE, ile injini ya Toyota ya cc 1497 iliyoko kwenye Vitz, IST, Probox, Raum, Sienta na Corolla. Kipenyo cha silinda ni mm 75, mwendo wa pistoni mm 84.7, na kuanzia Corolla na Fielder za umbo la NZE121 la mwaka 2000 mpaka umbo la NZE141 lililoingia 2006 vipimo hivyo havikuguswa, ndo maana hii kazi inawezekana.

Kanuni yangu ni moja: nunua bloku tu, yaani krenki, konrodi na pistoni ndani yake, halafu hedi, manifoldi, throtobodi, noseli za petroli, wayaringi na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, vibaki vya gari yako. Gari za mwanzo throtobodi inavutwa na kebo, za baadaye ni ya umeme, ukichukua injini nzima ya mwaka tofauti utaanza kuhangaika na soketi zisizoingiliana wiki nzima, lakini ukihamisha bloku peke yake hayo yote hayakuhusu.

Sasa kinachokuhusu ni nok sensa, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo palipokula siku yangu nzima. Fielder yangu NZE121 iliisha maji njiani ikachemsha, kufungua silinda ya tatu imechanika vibaya, nikaenda Ilala nikapata bloku safi kabisa iliyotoka kwenye NZE141, kuta za silinda bado zina ile mistari ya kukatana, nikalipa. Tumefika gereji fundi anataka kufunga nok sensa, ile inayosikiliza injini ikigonga, inakaa usoni kwa bloku nyuma ya manifoldi ya hewa, sensa yangu ni ile ya zamani ya waya mmoja, yenyewe ndo ina nyuzi inajifunga kama plagi, kuangalia kwenye bloku tundu ni dogo, la kuingiza stadi, yaani bolti isiyo na kichwa, kwasababu sensa mpya ni bapa kama ringi, ina waya mbili, inabanwa na nati. Haziingiliani! Nikarudi dukani kubadilisha, bahati nzuri muuzaji alikuwa muungwana. Kwahiyo nenda na sensa yako mkononi, ijaribu kwenye tundu palepale. Na fundi akikwambia tuiache hewani gari itawaka tu, kataa, itawaka kweli lakini taa ya cheki injini itakuja na kodi P0325, kontroli boksi itarudisha taiming ya cheche nyuma kuilinda injini, utabaki na gari nzito inayokunywa mafuta.

Pia kuna ndugu wawili wanaofanana na hii. 1NZ-FXE ya Prius kipenyo ni kilekile mm 75, ila kompresheni yake imeandikwa 13 kwa 1 wakati ya kwako ni 10.5, na haikutengenezwa kwa hedi yako, iache. 2NZ nayo ni cc 1298, krenki yake ina mwendo mfupi wa mm 73.5. Soma herufi zilizogongwa kwenye bloku mwenyewe, usiambiwe.

Kabla ya kufunga, toa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, uangalie beringi za meni zinazoshika krenki kwenye bloku na za bigiendi zilizoko kwenye konrodi. Zikiwa na michubuko badilisha, lakini usinunue saizi ya stendadi kwa kukisia, bloku na krenki zote zina namba zilizogongwa kiwandani na ndizo zinazokwambia unene wa beringi za meni. Kaza meni Nm 22 halafu ongeza digrii 90, konrodi Nm 15 halafu digrii 90.

Hedi kama gari ilichemsha usiirudishe bila kupima. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, pitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini, ikipita ya zaidi ya mm 0.05 ipeleke ikasagwe. Gasketi iwe mpya. Safisha matundu ya bolti kwenye bloku yabaki makavu kabisa, maana oili ikibaki humo ukikaza inaweza kupasua bloku, hii nimeiona kwa macho. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, Nm 29, kisha digrii 90, kisha 90 tena, weka alama ya rangi kwenye kila kichwa cha bolti uone imezunguka kweli. Fundi anayekaza hedi ya aluminiamu kwa kusikilizia mkono mtafutie kazi nyingine.

Cheni ya taiming ifungwe silinda ya kwanza ikiwa juu, viungo vya rangi vikae kwenye alama za gia zake, halafu zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili. Ikigota popote simama, usilazimishe. Hapohapo fungua kile kichujio kidogo cha oili cha VVT-i, mfumo unaobadilisha taiming ya valvu, ukisafishe, kikiziba gari inakosa nguvu unaanza kulaumu bloku bure. Kava ya cheni ukishapaka silikoni iache ikae masaa kadhaa kabla ya kutia oili.

Siku ya kuwasha tia oili lita 3.7 hivi na filta mpya, chomoa plagi na soketi za noseli, piga stata sekunde chache chache mpaka taa ya oili izime, hapo ndo pima kompresheni, silinda na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Ndo rudisha plagi uwashe. Baada ya kilomita 500 mimi namwaga ile oili, inatoka na uchafu wote wa kazi.

Halafu kuna kadi ya usajili wa gari. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, kwahiyo ukibadilisha bloku kadi yako inasoma injini ambayo gari haina tena. Dai risiti na nyaraka za bloku ulikoitoa, piga picha namba kabla haijaingia kwenye gari, maana ikishafungwa kuisoma ni shida, ukarekebishe kadi TRA kwa walioko Tanzania, na kwa walioko Kenya ni NTSA. Na muuzaji asiyetaka kukuonyesha namba, au namba imesagwa, hata kama bloku inang'aa kama mpya, usichukue.