Andika Kwanza, Kalamu Nyekundu Baadaye

Wanachama wengi wa kundi letu la uandishi mnaolalamika kwamba mmekwama, nikiwauliza mnavyoandika nasikia jambo lile lile: sentensi moja, mnafuta nusu, mnaianza upya, saa inakwisha na aya haijatimia. Hamjakosa la kusema. Mnajenga huku mnabomoa.

Hatua ya 1: Mwaga. Tega saa dakika 10, andika bila kusimama. Huu ndio uandishi huru. Aliyeueneza sana ni Peter Elbow, mwalimu wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1973. Naye aliwahi kuacha masomo ya juu kwa kushindwa kuandika. Kanuni ni moja tu, mkono usitulie. Ukikwama, andika "nimekwama, nimekwama" mpaka kitu kijitokeze. Umesahau jina au tarehe? Weka nyota, songa mbele. Mnaotumia kompyuta, punguzeni mwanga wa skrini hadi herufi zisionekane. Usichokiona hutakifuta.

Hatua ya 2: Funga daftari. Siku nzima ikiwezekana. (Mimi hushindwa, hurudi jioni.)

Hatua ya 3: Tafuta penye uhai. Soma na penseli mkononi, ila usisahihishe chochote. Pigia mstari tu. Tuseme umeandika hivi:

"Baba hakuwa msemaji sijui niseme nini baba baba viatu vyake alikuwa anavipanga mlangoni kila jioni vikitazama nje kama mtu ambaye anataka kuondoka nimekwama"

Ulianza na ukimya wa baba, lakini kilichokuja chenyewe ni viatu. Anzia hapo: "Kila jioni baba alivipanga viatu vyake mlangoni, ncha zikitazama nje." Ile "kama mtu ambaye anataka kuondoka" nimeitupa ingawa ni nzuri, maana viatu vimeshasema. Uamuzi wa namna hii ndio uhariri wenyewe, na usingekuwa na cha kuamua kama usingemwaga kwanza.

Hatua ya 4: Hariri, kubwa kabla ya dogo. Mpangilio wa aya, kisha sentensi, tahajia mwisho kabisa. Ya nini kusahihisha herufi za aya utakayoitupa? Kwenye sentensi mimi huwinda "amba-": "mtu ambaye alikuja" huwa "mtu aliyekuja". Halafu soma kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, rudi hapo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikiandika bila kufuta napata takataka tupu.*
Hata mimi. Kurasa tatu zikinipa sentensi mbili, nashukuru. Usimwonyeshe mtu, basi.

*Njia hii inafaa kwa ripoti ya kazini? Na insha ya mtihani?*
Ripoti, ndiyo. Anza na "Ninachotaka kusema hasa ni..." uandike dakika tano, mara nyingi hoja kuu huibuka mwishoni, nawe uipandishe juu. Mtihani ni kitu kingine, muda wa kuandika mara mbili haupo. Tumia dakika tatu kumwaga hoja kwenye karatasi ya rafu, zipe namba, kisha andika moja kwa moja.

*Nimeihariri hadithi yangu mara tisa. Nitajuaje imetosha?*
Linganisha toleo la tisa na la saba. Ukikuta umerudisha maneno uliyoyafuta mwenyewe, ulishamaliza tangu lile la saba.