Jinsi ya kucheza Papers, Please bila kuuza utu wako na familia isilale njaa

Kama ndo unaanza Papers, Please, ile gemu ya Lucas Pope ya 2013 (tangu 2022 ipo mpaka kwenye simu), jua kabisa hakuna alama za wema na ubaya zinazopanda pembeni ya skrini. Wewe ni mkaguzi wa mpakani, nchi ya kubuni inaitwa Arstotzka, mwaka 1982, kila mtu unayemhudumia bila kukosea unalipwa kredi 5, na nyumbani kuna mke, mtoto, mama mkwe na mjomba wanaotaka kula, wanaotaka joto, na kodi juu.

Sasa cha kushika ni hiki. Kila siku makosa mawili ya kwanza unapewa onyo tu, la tatu ndo wanaanza kukukata hela. Wengi wanayamaliza hayo maonyo kwa uzembe, hawajaona pasi imeisha muda, jina halifanani na la kwenye kibali, halafu akija mtu wa kumsaidia kweli hawana tena nafasi. Kwahiyo kuwa mkali kwenye karatasi za kawaida, angalia kila tarehe, ili yale maonyo mawili uyatunze kwa ajili ya huruma. Ndo bajeti yako hiyo.

Na utaihitaji. Kuna mume anatangulia, karatasi zake safi, anakuomba umfikirie mke wake aliye nyuma, mke anafika hana kibali cha kuingia na anasema akirudi kwao watamuua. Mi mara ya kwanza nilimrudisha, nikajiambia sheria ni sheria, na bado inaniuma mpaka leo kwasababu kumpitisha kungenigharimu onyo moja tu!

Kuna siku nyingine mambo yanageuka, dada mmoja anakuachia kikaratasi chenye jina la Dari Ludum, anamwogopa, anaomba usimruhusu, halafu jamaa anakuja na kila kitu kimekamilika. Hapo kwa sheria za gemu kumzuia ndo kosa. Mzuie tu, pokea onyo.

Raundi ya kwanza usirudie siku hata mtoto akiugua. Gemu inakuruhusu kurudi nyuma, ila ukijua unaweza kufuta, hutafikiria kabla ya kugonga muhuri. Miisho iko 20, hizo zingine utazirudia baadaye.

Pagumu zaidi kwangu ni kwa Calensk, yule askari anayekuja na ofa ya kukugawia hela kwa watu unaowakamata. Hajakwambia uonee mtu, karatasi zao kweli zina kasoro, ila wengi ungeweza kuwarudisha tu wakaenda zao. Amua kabla siku haijaanza nani utamkamata, usiamue ukiwa unaangalia hela ya kodi. Mi nakamata aliyeficha silaha, wengine wote nawagongea muhuri mwekundu waondoke.